Mali Bila Daftari: Kodi na Habari katika Barua za Maaskofu wa Karne ya 15

Mazungumzo haya yanahusu miaka kumi hivi, kuanzia 1453 hadi 1462, ambamo maaskofu wa Italia na Ujerumani waliandikiana kwa wingi juu ya mambo mawili ambayo wanahistoria huyatazama mara nyingi mbalimbali, yaani habari za vita na kodi za Kanisa. Barua hizo zinaonyesha kwamba mambo hayo yalikuwa na shina moja: habari ya hatari ndiyo iliyoleta ombi la fedha, ombi la fedha ndilo lililozaa shaka, na shaka hiyo ikasafiri kwa njia zilezile, mikononi mwa matarishi walewale, hadi ikawa habari yenye nguvu kuliko ile ya kwanza. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba waliotozwa kodi wakati ule hawakuudhiwa na uzito wake peke yake. Kilichowauma zaidi ni kutozwa bila kushauriwa na kutoonyeshwa hesabu ya kilichokusanywa, na Kanisa lililipa gharama kubwa kwa sababu halikulisikiliza lalamiko hilo lilipokuwa bado linaandikwa kwa lugha ya adabu.

Askofu wa karne ya 15, hasa katika nchi za Ujerumani, hakuwa mchungaji wa roho tu. Dola Takatifu ya Kirumi, yaani muungano wa mamia ya tawala kubwa na ndogo chini ya Kaizari, ilikuwa na wakuu saba wenye haki ya kumchagua mtawala huyo, na watatu kati yao walikuwa maaskofu wakuu, yaani wa Mainz, wa Trier na wa Köln. Askofu mkuu wa Mainz alimiliki mashamba, ngome na mahakama, alitoza ushuru vyombo vilivyopita mtoni Rhine, aliweka askari, na alikuwa na chansela, yaani mkuu wa ofisi ya nyaraka, ambaye mara nyingi alikuwa mwanasheria aliyesoma chuo kikuu. Kwa hiyo mtu huyo alikuwa mtozaji kodi kwa raia wake na papo hapo mlipaji kodi kwa Roma, na kila barua iliyofika mezani pake ilimgusa kwa pande zote mbili.

Barua zenyewe hazikuwa siri ya watu wawili. Zilisomwa kwa sauti mbele ya wageni, zilinakiliwa na makarani na kupelekwa kwa marafiki na wakuu wengine, na mwandishi mwenyewe alijiwekea nakala ili siku moja azikusanye kuwa kitabu. Wasomi wa kipindi hicho, kinachoitwa Renaisansi kwa sababu elimu ya kale ya Wayunani na Warumi ilifufuliwa, waliyachukua maandishi ya Cicero kuwa kielelezo cha barua njema, wakajifunza kupanga humo shughuli, habari na salamu, kila kimoja mahali pake. Katika zama ambazo hazikuwa na gazeti, mtandao wa maaskofu ndio uliofanya kazi ya gazeti, kwa kuwa ulikuwa na watu wenye elimu katika kila mji mkubwa, ulitumia Kilatini kama lugha moja kutoka Hispania hadi Hungaria, na ulikuwa na sababu za kikazi za kuandika kila wakati.

Mtu anayeziunganisha barua za mazungumzo haya ni Enea Silvio Piccolomini, aliyezaliwa mwaka 1405 katika kijiji cha Corsignano karibu na Siena, katika ukoo wa heshima uliokuwa umefilisika. Alianza kama karani katika Mtaguso wa Basel, yaani mkutano mkuu wa maaskofu uliodai kuwa na mamlaka juu ya Papa, akawa mwandishi katika ofisi ya nyaraka ya Kaizari Friedrich III, akapata upadri akiwa amepita umri wa miaka 40, kisha akawa askofu wa Trieste mwaka 1447, askofu wa Siena mwaka 1450, kadinali mwaka 1456, na hatimaye Papa Pius II mwaka 1458. Ni nadra kwa mtu mmoja kuwa amekaa pande zote za meza ya kodi namna hiyo, na barua zake nyingi zimehifadhiwa.

Konstantinopoli, mji mkuu wa Wakristo wa Mashariki, ulitekwa na Sultani Mehmed II wa Waosmani tarehe 29 Mei 1453. Habari hiyo ilifika Venezia tarehe 29 Juni, mwezi mzima baadaye, na mapema Julai ikaingia Roma. Tarehe 12 Julai, Enea, aliyekuwa Graz pamoja na Kaizari, alimwandikia Papa Nikolasi V kuomboleza si watu na makanisa tu bali pia vitabu vya Wayunani, akiona kwamba waandishi wa kale walikuwa wamekufa mara ya pili. Na tarehe 21 Julai akamwandikia juu ya jambo hilohilo Kadinali Nikolasi wa Cusa, askofu wa Brixen katika milima ya Alpi. Nikolasi hakuipokea habari hiyo kama mwito wa vita peke yake, kwani miezi michache baadaye alitunga kitabu juu ya amani ya dini, ambamo watu wa mataifa na imani mbalimbali wanakaa pamoja kujadiliana.

Maaskofu waliokuwa karibu zaidi na tukio nao waliandika. Kadinali Isidore wa Kiev, Mgiriki aliyekuwa ndani ya mji wakati wa mazingiwa, na ambaye inasimuliwa kwamba aliokoka kwa kubadilishana mavazi na maiti, aliandika kutoka Krete mwezi Julai barua kwa mwenzake Kadinali Bessarion na nyingine kwa Wakristo wote. Na Leonard wa Chios, askofu mkuu wa Mytilene, ambaye naye alishuhudia mazingiwa, alimpelekea Papa maelezo marefu yenye tarehe 16 Agosti. Bessarion kwa upande wake alikwisha kumwandikia mtawala wa Venezia kutoka Bologna tarehe 13 Julai, akimsihi achukue hatua. Ndivyo ilivyokuwa kwamba kabla majira ya joto ya mwaka huo hayajaisha, bara zima lilikuwa na habari moja iliyotoka kwa watu wanaojulikana kwa majina, na kwa sababu waandishi walikuwa maaskofu, habari hiyo ilifika ikiwa tayari imebeba wajibu: jambo fulani lazima litendwe, na litendwe kwa fedha.

Fedha hizo ziliombwa rasmi tarehe 30 Septemba 1453, wakati Papa Nikolasi V alipotoa hati ya kutangaza Vita vya Msalaba na kuwatoza makasisi fungu la kumi. Ili ugomvi uliofuata ueleweke, ni vyema aina za malipo zitenganishwe. Fungu la kumi la makasisi lilikuwa sehemu ya kumi ya pato la mwaka la kila wadhifa wa Kanisa, nalo halikuwa sawa na zaka ambayo mkulima aliitoa kwa parokia yake, kwa kuwa hili lilitolewa na makasisi wenyewe kwa ajili ya vita. Malimbuko yalikuwa malipo ya anayeingia katika cheo: padri aliyepewa wadhifa alitoa sehemu ya pato la mwaka wake wa kwanza, na askofu au abati alitoa ada kubwa iliyokadiriwa kuwa theluthi ya mapato ya mwaka, ambayo Papa na makadinali waligawana. Kwa Mainz, ada ya desturi ilikuwa florini 10,000. Askofu mkuu aligharimia pia palio, yaani ukanda wa sufu nyeupe unaovaliwa mabegani, ambao bila kuupokea kutoka Roma hakuweza kutumia mamlaka yake yote. Juu ya hayo zilikuwapo hati za rehema, ambazo muumini aliyetubu na kutoa sadaka alizipokea kama uthibitisho wa kupunguziwa adhabu ya dhambi. Makubaliano ya Vienna ya mwaka 1448, kati ya Papa na Kaizari, yaliyapa malimbuko nafasi ya kisheria katika Ujerumani, kwa hiyo Roma ilipodai ilikuwa na hati mkononi.

Mwaka 1454 wakuu wa Dola waliitwa kukutana Regensburg, kisha Frankfurt, na mwanzoni mwa 1455 wakakutana tena Wiener Neustadt, ili watoe askari na fedha. Enea alikuwa mmoja wa wasemaji wakuu wa Kaizari, na mwezi Oktoba huko Frankfurt alihutubia kwa muda wa saa mbili hivi. Hata hivyo, katika barua aliyomwandikia mwezi Julai rafiki yake Leonardo Benvoglienti, mjumbe wa Siena huko Venezia, alikuwa amekwisha kukiri kwamba hana matumaini makubwa, kwa sababu Ukristo haukuwa na kichwa kinachotiiwa na wote, na Papa na Kaizari walitazamwa kama majina matupu au picha zilizochorwa. Wajerumani wengi waliamini kwamba vita vilikuwa kisingizio na kwamba lengo lilikuwa mifuko yao. Inafaa kuzingatiwa kwamba shaka hiyo haikuandikwa na adui wa Roma, bali iliandikwa na askofu aliyetumwa kuiondoa.

Ni katika safari hiyohiyo ya Frankfurt ambapo Enea alikutana na jambo lililokuja kubadilisha maisha ya kila mwandishi wa barua. Tarehe 12 Machi 1455, akiwa Wiener Neustadt, alimwandikia Kadinali Juan de Carvajal, Mhispania aliyekuwa pia askofu wa Plasencia, kumthibitishia habari ambayo alikuwa amemdokeza mapema: huko Frankfurt alikuwapo mtu wa ajabu aliyechapa Biblia, na Enea hakuwa ameona Biblia kamili ila mafungu ya kurasa, yenye maandishi safi na sahihi kiasi kwamba Carvajal angeweza kuyasoma bila miwani. Alieleza kwamba watu waliomwarifu walitofautiana kuhusu idadi, wengine wakisema nakala 158 na wengine 180, na kwamba wanunuzi wote walikuwa wamepatikana kabla kazi haijakamilika, hata akahofia kwamba hataweza kumpatia rafiki yake nakala. Kazi hiyo ilikuwa ya Johannes Gutenberg wa Mainz. Uangalifu wa barua hiyo unastahili sifa, kwa kuwa mwandishi anatenganisha alichokiona kwa macho na alichokisikia, anataja idadi mbili badala ya kujichagulia moja, na anasema wazi ni kitu gani hakukiona.

Hata hivyo, kabla Biblia haijakamilika, herufi za metali za Mainz zilikuwa zimekwisha kutumika kwa kazi ya fedha. Papa Nikolasi alikuwa ameidhinisha rehema kwa watakaochangia ulinzi wa kisiwa cha Kupro dhidi ya Waosmani, na hati zake zilichapwa mwaka 1454 na 1455. Nakala ya kwanza yenye tarehe inayojulikana iliandikwa tarehe 22 Oktoba 1454, na ni miongoni mwa maandishi ya kwanza ya uchapaji wa Ulaya yenye tarehe. Ni karatasi moja ya ngozi yenye mistari 31 ya maandishi yaliyochapwa, ambamo zimeachwa nafasi tupu za kujazwa kwa kalamu jina la mtoaji, mahali na tarehe. Kazi ambayo makarani wengi wangeifanya kwa majuma iliweza sasa kufanyika kwa muda mfupi, na kila mtoaji akaondoka na hati mkononi. Katika hati hiyo muumini alijulishwa alichopata mbele ya Mungu. Hakuna mstari uliomjulisha fedha yake ilifika wapi.

Papa Nikolasi alifariki Machi 1455, na Kalisti III aliyemfuata alishika shauri la vita kwa bidii kubwa zaidi, akatoza fungu la kumi jipya na kujenga meli kando ya mto Tiber. Huko Ujerumani makasisi wa Mainz na majimbo mengine walikataa kulipa, na wakuu wakaanza kuorodhesha malalamiko dhidi ya Kuria, yaani jumla ya ofisi na mahakama za Papa. Malalamiko hayo yalipata sura yake maarufu tarehe 31 Agosti 1457, katika barua iliyoandikwa Aschaffenburg na Martin Mair, chansela wa Dietrich wa Erbach, askofu mkuu wa Mainz. Mair alianza kwa kumpongeza Enea kwa ukadinali, na kisha, katika barua hiyohiyo ya pongezi, akaeleza kile ambacho bwana wake na wenzake walikuwa wakikilalamikia.

Kwa maelezo yake, uchaguzi wa maaskofu uliofanywa na makanoni, yaani makasisi wa baraza la kanisa kuu, ulidharauliwa. Nyadhifa bora ziliwekewa akiba kwa makadinali na waandishi wa Roma. Ahadi za vyeo ambavyo wenyewe walikuwa bado hai zilitolewa bila kikomo. Malimbuko yalidaiwa bila kuchelewa, na mara nyingi kwa kiasi kilichozidi haki. Rehema mpya zilitangazwa ili fedha zipatikane. Fungu la kumi kwa ajili ya vita lilitozwa bila ushauri wa maaskofu wa nchi. Na kesi zilizopaswa kuamuliwa nyumbani zilivutwa kwenda Roma. Taifa lililokuwa na fahari, aliandika, limefanywa mtumwa anayetoa ushuru. Ukiyapima malalamiko hayo moja moja, ni machache tu yanayosema kwamba kiasi ni kikubwa mno. Mengi yanasema kwamba utaratibu umekiukwa, na lile la fungu la kumi linasema waziwazi kwamba wenye kulipa hawakuulizwa.

Enea alijibu kwa barua, kisha kwa risala ndefu aliyoimaliza tarehe 1 Februari 1458, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Germania. Alitumia waandishi wa kale, akiwemo Tacitus, ambaye kitabu chake juu ya Wajerumani kilikuwa kimepatikana upya miaka ile, kuonyesha jinsi mababu wa Mair walivyoishi bila miji, bila dhahabu na bila elimu, na kisha akaelezea uzuri wa Köln, Strasbourg na Nürnberg, machimbo ya fedha na vyombo vya thamani mezani kwa wafanyabiashara, akidai kwamba wafalme wa Scotland wangetamani kuishi kama raia wa kawaida wa Nürnberg. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi tajiri namna hiyo haiwezi kusema imefilisiwa na Roma, na kwamba ustaarabu huo wenyewe uliletwa na Kanisa linalolalamikiwa.

Risala hiyo ni kazi ya ustadi mkubwa, na wanahistoria wa Ujerumani wanaitegemea hadi leo kwa maelezo yake ya miji. Hata hivyo haikujibu swali lililoulizwa. Mair alilalamika kwamba maaskofu hawakushauriwa, naye Enea akathibitisha kwamba wana uwezo wa kulipa; na tofauti kati ya mambo hayo mawili ni kubwa, kwa sababu utajiri wa mlipaji haumpi mtozaji ruhusa ya kumnyamazisha. Tena Enea mwenyewe, kama kadinali mpya asiye na mali, alikuwa wakati huo akitafuta nyadhifa za Kijerumani zenye mapato, jambo lililomfanya kuwa hakimu katika kesi aliyokuwa na maslahi ndani yake.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba Roma ilikuwa na jibu bora ambalo halikutolewa. Mwezi Agosti 1457, mwezi uleule wa barua ya Mair, meli za Papa zikiongozwa na Kadinali Ludovico Trevisan ziliwashinda Waosmani karibu na Mytilene na kuteka baadhi ya meli zao. Na mwaka uliotangulia, tarehe 22 Julai 1456, jeshi la János Hunyadi na wafuasi wa mhubiri Giovanni wa Capistrano walikuwa wameuokoa mji wa Belgrade, wakati Carvajal yuleyule wa habari za Biblia alipokuwa mjumbe wa Papa katika Hungaria. Yapo basi mambo ambayo fedha na juhudi hizo ziliyafanya. Hesabu ya wazi, iliyoonyesha kilichokusanywa kila jimbo na kilichotumika kwa kila meli, ingemjibu Mair vizuri kuliko Tacitus. Mtandao uliosambaza habari ya maangamizi kwa wiki chache haukutumiwa kusambaza habari ya matumizi.

Mwaka 1458 Enea alichaguliwa kuwa Papa, na mwaka uliofuata akawaita wakuu wa Ukristo Mantua. Huko ilipangwa kwamba kwa miaka mitatu makasisi watoe sehemu ya kumi ya mapato yao, walei sehemu ya 30, na Wayahudi sehemu ya 20. Tarehe 18 Januari 1460 Pius II alitoa hati ijulikanayo kwa neno lake la kwanza la Kilatini, Execrabilis, iliyokataza mtu yeyote kukata rufaa kutoka kwa Papa kwenda kwa Mtaguso wa baadaye. Kijana aliyeutetea Mtaguso huko Basel alikuwa sasa, akiwa mzee, ameufunga mlango huo, na kwa kufanya hivyo aliwanyima walipakodi mahali pekee pa kisheria walipoweza kupeleka shauri lao nje ya Roma.

Aliyeubisha mlango huo kwa nguvu alikuwa Diether wa Isenburg, aliyechaguliwa kuwa askofu mkuu wa Mainz mwezi Juni 1459 kwa kumshinda Adolf wa Nassau kwa tofauti ndogo ya kura. Wajumbe wake walipokwenda kuomba uthibitisho, walidaiwa ada iliyozidi florini 20,000, mara mbili ya ile ya desturi, na ili hati zipatikane walikopa fedha kwa mabenki yaliyohudumia Kuria. Diether alilalamika kwamba kiasi hicho hakikuwa halali, akakataa kulipa, na deni lilipopita siku yake akatengwa na Kanisa, yaani akanyimwa sakramenti na ushirika wa waumini. Adhabu ya kiroho ilitumika hapo kukusanya deni la benki, na wakuu wengi waliokuwa wamekaa kimya waliitambua hatari hiyo. Mapema mwaka 1461, huko Nürnberg, Diether na wenzake walikata rufaa kwa Mtaguso, kinyume kabisa cha Execrabilis; na tarehe 21 Agosti mwaka huo Pius II akamvua cheo na kumweka Adolf mahali pake.

Kuanzia hapo ugomvi uliokuwa wa barua uligeuka kuwa wa karatasi zilizochapwa. Huko Mainz, nyumba ya uchapaji ya Johann Fust na Peter Schöffer ilichapa hati za Papa za kumwondoa Diether, pamoja na tamko la Kaizari; na mwaka uliofuata nyumba hiyohiyo ikachapa tangazo refu la Diether, la tarehe 30 Machi 1462, ambalo kwa Kijerumani, si kwa Kilatini, liliwaeleza wakuu na miji jinsi alivyotozwa na jinsi alivyodhulumiwa. Ada ya kuthibitisha askofu, jambo ambalo hadi hapo lilijulikana kwa makarani na wanasheria, lilisomwa sasa na kusomewa watu sokoni. Ufundi ambao Enea aliupongeza katika barua ya mwaka 1455 ulikuwa umeanza kuueleza umma kile ambacho Papa Pius hakutaka kijadiliwe hata na Mtaguso.

Vita vilifuata, na usiku wa kuamkia tarehe 28 Oktoba 1462 askari wa Adolf waliingia Mainz. Watu wapatao 400 waliuawa, mamia walifukuzwa, nyumba ziliporwa, na mji ukapoteza uhuru wake wa kujitawala. Mafundi wa uchapaji walitawanyika, na katika miaka iliyofuata ufundi wao ulionekana katika miji mingine mingi. Mwaka 1465 Wajerumani wawili, Konrad Sweynheym na Arnold Pannartz, walikuwa wakichapa vitabu katika monasteri ya Subiaco, karibu na Roma yenyewe. Diether alirudishiwa kiti chake mwaka 1475, baada ya Adolf kufariki, na miaka miwili baadaye akaanzisha Chuo Kikuu cha Mainz. Pius II alifariki tarehe 14 Agosti 1464 huko Ancona, mgonjwa, akiwa ameshuka mwenyewe bandarini kuongoza meli za vita ambavyo wengi waliamini ni kisingizio. Kifo hicho kinathibitisha kwamba alimaanisha alichokisema, na kwa sababu hiyo kushindwa kwake kuaminiwa ni funzo zito zaidi kuliko kama angekuwa mlaghai.

Lalamiko la Mair halikufa pamoja na waliolianzisha. Mwaka 1515 msomi Jakob Wimpfeling aliijibu risala ya Enea kwa maandishi yaliyochapwa Strasbourg, na mwaka 1521 wakuu wa Ujerumani walikuwa na orodha ya malalamiko 102 dhidi ya Roma katika mkutano wa Worms. Katika miaka hiyohiyo kiti cha Mainz kilikuwa kimeleta tena shauri lilelile: Askofu Mkuu Albrecht wa Brandenburg alikopa kwa benki ya akina Fugger wa Augsburg ili ailipe Roma kwa ajili ya cheo chake, na sehemu ya mapato ya hati za rehema zilizohubiriwa kwake ikaenda kulipa mkopo huo. Tarehe 31 Oktoba 1517 mtawa wa Wittenberg, Martin Luther, alimwandikia askofu mkuu huyo barua ya heshima kupinga mahubiri hayo, akaambatanisha hoja zake 95. Katika muda wa miezi michache hoja hizo zilikuwa zimechapwa katika miji kadhaa.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na methali hiyo inaeleza kwa usahihi kilichowapata maaskofu wa karne ya 15, ingawa kwao kilichopotea kilikuwa kikubwa kuliko mali. Hatari waliyoitangaza ilikuwa ya kweli, na wengi wao walikuwa wanyofu. Lakini waliamini kwamba habari ya kutisha inatosha kuifanya kodi kuwa halali, kumbe habari hiyo humpa mlipaji sababu ya kuuliza maswali mengi zaidi, na anayeuliza kwa adabu bila kujibiwa hutafuta baadaye njia ya kuuliza mbele ya watu wote. Jumuiya yoyote inayochangisha kwa ajili ya jambo jema, iwe kanisa, msikiti, kijiji au serikali, inabanwa na wajibu huohuo: aliyepelekewa habari ya hatari ili atoe ana haki ya kupelekewa habari ya matumizi akisha kutoa, kwa njia ileile na kwa haraka ileile.